“Hotter” au “higher”? Jibu kwa msomaji wa Wete

Msomaji wetu wa Wete, anayemsaidia shangazi yake kuendesha nyumba ndogo ya wageni, anauliza:

“Assalaam alaykum Mwalimu. Nimeandika kwa Kiingereza maelezo mafupi ya hali ya hewa ya kwetu, tumeyabandika ukutani karibu na mlango. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Uingereza, aliyasoma akaomba penseli. Alikata ‘hotter temperature’ akaandika ‘higher’ juu yake, akakata maneno mengine mawili matatu, na pembeni mwa ‘twice hotter’ akaweka alama ya kuuliza tu. Hakueleza, na alfajiri yake akaondoka na boti. Lakini mimi ‘hotter temperatures’ nimeiona kwenye magazeti ya Kiingereza. Nani yuko sahihi? Na ile alama ya kuuliza ina maana gani?”

Maelezo yenyewe aliyoyatuma ni haya: “In July Pemba has hotter temperature than Europe. The temperature is more cool than February. If your town is 15 degrees, here is 30 degrees, so it is twice hotter. Our sea is very warm than a swimming pool. In the evening the veranda is cooler than the rooms.”

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Mgeni wako alikuwa na haki ya kukata, na ile alama ya kuuliza ndiyo yenye mambo mengi kuliko yote aliyoyaandika. Lakini tuanze na alichokikata, maana bila hicho alama hiyo haitafahamika.

Mchukue bibi yako. Utasema “bibi ni mzee”, na utasema “umri wake ni mkubwa”. Umewahi kumsikia mtu, iwe Wete iwe Mkoani, akisema “umri wa bibi ni mzee”? Hata mtoto wa chekechea hasemi hivyo. Mzee ni bibi mwenyewe. Umri ni hesabu ya miaka yake, na hesabu huwa kubwa au ndogo, haizeeki. Sasa “temperature” ni kama huo umri. Ni hesabu unayoisoma kwenye kipimajoto. Kilicho “hot” ni chai, ni paa la bati, ni mchanga wa saa saba mchana unaokufanya urukeruke, ni siku yenyewe. Hesabu yake huwa “high” au “low”. Kwa hiyo “the day is hotter”, lakini “the temperature is higher”. “The water is colder”, lakini “its temperature is lower”.

Kinachotuponza ni utajiri wa neno letu moja. Joto kwetu ni ile hali, ni ile nguvu inayotoka motoni, na ni kile kipimo pia. Waingereza wana “heat”, “warmth” na “temperature”, kila moja kwenye kiti chake. Sisi tukitaka kupambanua, tunasema “kiwango cha joto”, kama tunavyosikia kila siku kwenye utabiri wa redio. Basi nakushauri jambo moja ambalo nimewafundisha vijana wengi skuli na likawasaidia: kabla hujaandika “temperature”, itamke kichwani kuwa “kiwango cha joto”. Ukishasema kiwango, ulimi wenyewe utakataa kusema “kiwango cha moto zaidi”. Utasema cha juu, cha chini, kikubwa, kidogo. Hapo “higher” na “lower” zitakuja zenyewe.

Sasa hayo magazeti. Ni kweli uliyoyaona. Waingereza na Wamarekani wengi huandika “warmer temperatures” na “hotter temperatures”, na wasomaji wao wengi hawashtuki. Nasi tunayo yetu ya namna hiyo: tunasema “bei ghali”, ilhali iliyo ghali ni karafuu, na bei ni kubwa. Anayepima karafuu anakufahamu vilevile. Kwa hiyo simwiti mtu mjinga kwa kuandika “hotter temperatures”, wala wewe usimwite. Lakini wahariri makini wanaikata, na kwenye mtihani, ripoti ya kazi au andiko la sayansi utaikuta imepigiwa mstari. “Higher temperatures” hakuna atakayeikata popote. Baina ya neno linalovumiliwa na neno lisilo na mgogoro, mimi ukutani kwangu ningebandika la pili.

“More cool” na “very warm than” zimetoka kwenye Kiswahili moja kwa moja, na ni makosa ninayoyaona kila wiki. Kiswahili hakiigusi sifa tunapolinganisha. Tunasema “refu”, tunasema “refu kuliko”. Neno “kuliko” limebeba mzigo wote. Kwa Kiingereza mzigo umegawanywa: “than” inabeba nusu, na nusu ya pili iko mgongoni mwa sifa, kwa ile “-er” ya mwisho. Ukiweka “than” peke yake, “hot than”, umemwachia mtu mmoja kubeba kitanda cha watu wawili. Ukiweka “more hotter”, umeita watu watatu. Na “sana” yetu, tunayoipeleka kuwa “very”, haiingii mbele ya “hotter” hata siku moja. Hapo wenyewe hutumia “much”, “far”, au kwa tofauti ndogo “slightly” na “a little”. “Much warmer than”, “slightly cooler than”. Hili halina maelezo marefu, ni la kuzoea.

Lakini kuna jambo ambalo mgeni wako hakuligusa, kwa sababu hukulikosea, na nataka ujue kwa nini hukulikosea. Uliandika “cooler” kwa ajili ya ukumbi. Hukuandika “colder”. Wengi wetu wangeandika “colder”, kwa sababu sisi tuna baridi moja tu. Kipupwe kikiingia mwezi wa Juni tunatoa sweta na kusema “leo baridi”, na kipimajoto alfajiri kinasoma nyuzi 22 hivi. Mwambie mgeni wa Norway kuwa nyuzi 22 ni “cold” uone atakavyokutazama.

Tofauti ya “cool” na “cold” unayo jikoni kwa shangazi yako. Maji ya mtungi ni “cool”. Mtungi unatoa jasho, jasho linakauka kwa upepo na kuondoka na joto, maji ndani yanabaki ya kuburudisha, unakunywa bilauri nzima bila kupumzika. Maji ya friji ni “cold”. Yanauma meno, unakunywa kwa mafunda. Na upande wa pili ni hivyohivyo: kahawa ya barazani inapomiminwa tu kikombeni ni “hot”, huwezi kuishika kwa kidole kwenye ukingo. Ukishughulika na mazungumzo ukaisahau ikawa vuguvugu, ni “lukewarm”. “Warm” imekaa katikati, ni joto linalopendeza, kama la bahari ya mwezi wa Machi.

Unapolinganisha, chagua neno kutoka upande ambao vitu vyote viwili vimekaa. Kipupwe na kaskazi vyote viko upande wa joto, kwa hiyo kipupwe ni “cooler” kuliko kaskazi. Siku mbili za theluji huko Oslo, moja nyuzi 10 chini ya sifuri na nyingine nyuzi 2 chini ya sifuri, hiyo ya pili ni “warmer” au “less cold”, lakini ukiiita “hotter” Mnorway atacheka. Kumbuka pia kwamba “cooler” haimaanishi “cool”. Siku ya Februari iliyoshuka kutoka nyuzi 33 hadi 31 ni “cooler”, na bado watu wanajipepea na kusema wanasikia hari.

Kosa jingine limejificha kwenye sentensi yako ya pili, na hili ndilo linalowapata hata wenye shahada. “The temperature is more cool than February.” Turekebishe sifa iwe “lower”: “The temperature is lower than February.” Imekaa sawa? Bado. Umelinganisha kiwango cha joto na mwezi. Kiwango cha joto hakiwezi kuwa kidogo kuliko mwezi, kama vile bei ya pweza haiwezi kuwa kubwa kuliko Chake Chake.

Hapa Kiswahili ni mwalimu mzuri, tukikisikiliza. Mtu anayesema kwa makini hasemi “kiwango cha joto cha Julai ni kidogo kuliko Februari”. Anasema “kuliko cha Februari”. Ile “cha” ndogo inashika nafasi ya neno zima. Kiingereza hakina “cha” inayoweza kusimama peke yake hivyo, kwa hiyo kinatafuta njia nyingine. Njia nyepesi ni kurudia kihusishi: “The temperature in July is lower than in February.” Ya pili ni ile alama ya kumiliki: “July’s temperatures are lower than February’s.” Ya tatu, ya maandishi mazito, ni “that of”: “The temperature of the sea is lower than that of the air.” Kila unapofika kwenye “than”, jiulize kwa Kiswahili: hapa nina “cha”, “la”, “ya”? Ikiwa unayo, basi Kiingereza chako nacho kinadai kitu mahali hapo. Na ukitaka kuikwepa kazi yote hiyo, usitaje “temperature” kabisa. “July is cooler than February.” Mwezi kwa mwezi, maneno matano, kwisha.

Sasa tuje kwenye alama ya kuuliza. Kwanza sarufi yake, ambayo ni fupi. Hawasemi “twice hotter”, wanasema “twice as hot as”. Na kwa tatu, nne na kuendelea, andika “three times as large as” badala ya “three times larger than”, kwa sababu ile ya pili wengine huisoma kama mara tatu na wengine kama ongezeko la mara tatu, yaani jumla mara nne. Lakini hata ungeandika “twice as hot as” bila kosa la herufi, alama ya kuuliza ingebaki palepale. Mgeni hakuuliza sarufi. Aliuliza ukweli.

Fikiria saa zetu. Umetoka saa mbili asubuhi kwenda sokoni, ukarudi saa nne. Nne ni mara mbili ya mbili. Je, utasema saa nne ni “mara mbili ya muda” wa saa mbili? Mgeni wako anaangalia saa yake mkononi: kwake ulitoka saa 8 ukarudi saa 10. Kumi si mara mbili ya nane. Asubuhi ni ileile, soko ni lilelile. Kilichobadilika ni pale tulipoanzia kuhesabu: sisi jua linapochomoza, wao usiku wa manane. Ile “mara mbili” imeyeyuka kwa kubadilisha saa tu, kwa hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Lakini angalia kilichobaki: baina ya kwenda na kurudi zimepita saa mbili, kwako na kwake. Tofauti ni ya kweli kwa wote. “Mara” si ya kweli kwa yeyote.

Nyuzi za Selsiasi ni saa ya namna hiyo. Sifuri yake imewekwa pale maji yanapoganda, mahali palipochaguliwa na watu kwa urahisi wao. Msweden Anders Celsius, aliyetoa kipimo hiki mwaka 1742, aliweka sifuri pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda, na baada ya kifo chake ndipo wenzake wakakigeuza kikawa hivi tunavyokijua. Kwa kipimo chake cha mwanzo, mji wa mgeni wa nyuzi 15 ungesoma 85, na Pemba ya nyuzi 30 ingesoma 70. Wapi tena hiyo “mara mbili”? Na Mmarekani, anayetumia Farenhaiti, atasoma 59 na 86. Kwake napo hakuna mara mbili.

Kipo kipimo ambacho sifuri yake ni ya kweli, mahali ambapo hakuna baridi zaidi ya hapo: ni Kelvini, na sifuri yake iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kwa kipimo hicho nyuzi 15 ni Kelvini 288 na nyuzi 30 ni Kelvini 303. Ongezeko ni kama asilimia 5 tu. Ukitaka kitu chenye kiwango cha joto mara mbili ya nyuzi 15 kwa maana halisi, utafika nyuzi 303 za Selsiasi, na hapo hata mikarafuu ya shangazi isingebaki.

Kwa hiyo andika tofauti: “15 degrees warmer”. Idadi inatangulia, sifa inafuata. Kiswahili chetu, “joto zaidi kwa nyuzi 15”, hutuvuta tuandike “warmer 15 degrees”, na hiyo si sahihi. Ukiipenda namba mwisho, lete “by”: “warmer by 15 degrees”. Penye “kwa” weka “by”, penye “hadi” weka “to”, usivibadilishe. “It rose by 2 degrees” na “it rose to 2 degrees” ni habari mbili zisizofanana hata kidogo.

Kusema “twice” hakukatazwi moja kwa moja. Ongezeko lenyewe linaweza kuwa mara mbili ya ongezeko jingine, kwa sababu ongezeko lina sifuri ya kweli, yaani hakuna kilichoongezeka. Birika moja likipanda nyuzi 20 na jingine nyuzi 40, “it rose twice as much” ni sawasawa. Na katika mazungumzo, mtu aliyeshuka kwenye daladala iliyojaa akisema ndani ni “twice as hot”, mwache. Anaeleza dhiki yake, hajashika kipimajoto.

Kwa kuwa mtapokea Wamarekani, jihadhari na simu inapokubadilishia tofauti. Ukiiambia nyuzi 2 za Selsiasi itakurudishia 35.6 za Farenhaiti, kwa sababu inadhani unataja kiwango, kwa hiyo inaongeza 32. Ulikuwa unataja tofauti. Tofauti huzidishwa kwa 1.8 peke yake: nyuzi 2 “cooler” ni nyuzi 3.6 “cooler”. Ukiandika “35 degrees cooler”, mgeni atafika Pemba na koti la manyoya.

Chini ya sifuri nako kuna mtego, na wenye kuuza pweza na samaki waliogandishwa wausikie. Kiwango kinachotajwa kwa samaki hao kwa kawaida ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Niliwahi kuletewa karatasi ya maelekezo ya ghala nihariri, imeandikwa “temperature must be more than −18”. Mwandishi alikusudia baridi izidi hapo. Anayejua hesabu atasoma kinyume chake, kwa sababu −12 ni zaidi ya −18. Kwa karatasi hiyo mtu angeweza kuharibu shehena nzima huku akiamini anatii. Tuliandika “−18 °C or colder”. Penye hasara ya mali au afya ya mtu, neno “more” liwache kabisa. Andika “or colder”, “or below”, “no higher than”, na kwa chakula cha moto “or above”.

Mwisho, nikurekebishe kitu ambacho si Kiingereza. Umeandika Julai kwenu kuna joto kuliko Ulaya. Ulaya ni kubwa, mwanangu, na Julai ni kiangazi chao. Mchana wa Sevilla, kusini mwa Uhispania, mwezi huo hufika nyuzi 35 au 36 kwa kawaida, wakati sisi tuko kwenye kipupwe, mchana nyuzi 28 hivi. Mspania akiisoma sentensi yako atajua hukuwahi kuuliza. Sema Januari, na utakuwa salama. Na hizo nyuzi 30 nazo ni za Januari zaidi kuliko Julai. Bahari yenu Julai iko kwenye nyuzi 25 au 26, ambayo ni sawa na mabwawa mengi ya kuogelea yanayopashwa moto, haiyazidi. Kwa usawa Kiingereza kinatumia “as” mbili: “as warm as”.

Basi karatasi ya ukutani naona isomeke hivi: “In January Pemba is much warmer than Europe. If it is 15 degrees in your town, it may be 30 degrees here, which is 15 degrees warmer. July is cooler than February, but the sea is still as warm as a heated swimming pool. In the evening the veranda is cooler than the rooms.”

Sentensi ya ukumbi nimeiacha kama ulivyoiandika. Mgeni naye hakuigusa.